Nduguye Simoni Petro

 

Asubuhi ya leo tuna neno juu ya mazungumzo. Hatusemi juu ya mahubiri wala hotuba, bali yale mazungumzo ya kawaida ya watu walioketi pamoja: nyumbani wakati wa chakula, katika ushirika wa jioni, kwenye mkutano wa halmashauri ya kanisa, hata matangani tukingojea siku ya kuzika. Mahali pote hapo utakuta watu wawili watatu ambao maneno yao hayaishi, na wengine ambao hurudi nyumbani na neno lao lile lile walilokuja nalo. Twataka kunena na hao wa pili, na hao wa kwanza wakiwa wanasikia. Twajua ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba somo hili linaletwa na mchungaji, tena kwa redio. Kazi ya mchungaji ni kusema, na katika redio husema peke yake, wala ninyi hamwezi kumjibu ila kwa kuifunga. Tunakiri hilo mapema, maana mbele tutakiri mengine.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukihudumu katika parokia moja ya mashambani, na kila Jumatano jioni tulikusanyika nyumbani kwa mmoja wetu kwa ushirika. Tulikuwa watu kumi na wawili, siku nyingine kumi na watano. Tulisoma sura ya Biblia, tukaulizana maswali, tukashuhudia, tukaombeana, kisha tukanywa chai. Hatutaki mtu afikiri kwamba tunausema vibaya ushirika ule, maana wengi wetu tulisaidiwa sana pale. Kati yetu alikuwako mwalimu mstaafu, mtu mwenye kuijua Biblia yake vizuri na mwenye sauti ya kufika barabarani. Alikuwako pia mama mmoja mwenye duka, ambaye kila neno tulilosoma lilimkumbusha jambo, na jambo hilo likamkumbusha la pili. Kisha tulikuwako sisi, mchungaji. Watatu hao walitosha kabisa kuijaza jioni.

Karibu na mlango aliketi fundi wa cherehani. Tumemwomba ruhusa ya kusimulia habari zake, naye ametukubalia, mradi tusimtaje jina wala mahali. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, aliyeshona kanzu za kwaya yetu bila kutusumbua kwa malipo. Jumatano moja ya mwezi wa kumi na moja alijikohoza akasema, "Ndugu zangu, mimi nilikuwa na..." kisha akatua kidogo, kama mtu anayetafuta neno. Hapo mwalimu akamsaidia. "Nadhani fundi anataka kutuambia ya kwamba..." akaendelea na jambo jingine kabisa, tena jambo zuri, kwa muda wa robo saa. Fundi akatikisa kichwa kama aliyekubali. Jumatano ya pili alianza tena, na mama wa duka akakumbuka habari iliyompata dada yake. Jumatano ya tatu tulikuwa sisi. Tulitazama saa, tukaona giza linaingia, tukamwambia, "Fundi, tutakusikia wiki ijayo, sasa tufunge kwa sala." Jumatano ya nne alivuta pumzi, akatutazama mmoja mmoja, akainamisha kichwa bila kusema neno.

Baada ya hapo hakuja tena. Mwezi wa kwanza ulipofika tulisema, "Fundi ana kazi nyingi, ni wakati wa sare za shule." Nasi tukaridhika na jibu letu.

Katika mwezi wa pili tulikutana na mke wake njiani akitoka sokoni, na yeye ndiye aliyetueleza. Binti yao, aliyekuwa bado shuleni, alionekana ana mimba. Ndugu za fundi walikutana wakaamua ya kuwa msichana huyo aondoke bomani, asiwe mfano kwa wadogo zake. Fundi hakupenda, lakini yeye ni mdogo katika ndugu zake, na mbele yao hakuwa na nguvu ya kusimama. Alikuja kwenye ushirika ili awaombe ndugu zake wa imani wamwambie afanyeje, na waombe pamoja naye. Kabla ya Krismasi msichana alipanda matatu peke yake kwenda Nakuru, nguo zake zikiwa katika mfuko wa karatasi. Wiki tatu wazazi wake hawakujua analala wapi.

Tulikwenda dukani kwa fundi jioni ile ile. Hakuisimamisha cherehani mara moja. Alimaliza mshono wake, akaukata uzi kwa meno, akasema bila hasira yoyote, "Mchungaji, nilikuja nalo mara nne."

Ndugu msikilizaji, hakuna mtu aliyemwambia fundi anyamaze. Kule Yeriko makutano walimkemea yule kipofu Bartimayo wakamwambia akae kimya, na kila asomaye huona ubaya wao. Sisi hatukumkemea mtu. Tuliendelea tu kuzungumza, tena mambo ya Mungu, na jioni yetu ilijaa hata hapakubaki mahali pa kulitua neno moja la mtu aliyekuwa karibu kumpoteza mtoto wake. Hilo ndilo lililotuchoma.

Tangu siku ile tumekuwa tukimfikiri sana mtu mmoja wa Injili ambaye hapo kwanza hatukumjali, naye ni Andrea. Yohana anapomtaja mara ya kwanza, katika sura ya 1, anamtambulisha kuwa ni ndugu wa Simoni Petro. Akimtaja tena katika sura ya 6 anafanya vivyo hivyo, kana kwamba tumekwisha kusahau. Mtu ana jina lake na kazi yake ya uvuvi, naye alimfuata Yesu kabla ya Petro, hata hivyo ni lazima tuambiwe ni ndugu wa nani. Wale wenye ndugu wa sauti kubwa nyumbani kwao wataelewa.

Tena Andrea hakuwa akikutana na Petro kwenye mikutano tu. Marko anatuambia katika sura ya 1 ya kuwa nyumba ile ya Kapernaumu ilikuwa ya Simoni na Andrea. Walivua pamoja, wakarudi nyumba moja. Na Petro tunamjua. Ndiye aliyemchukua Bwana kando akaanza kumkemea. Ndiye aliyekataa kuoshwa miguu, na mara hiyo hiyo akataka kuoshwa mikono na kichwa pia. Swali likiulizwa kwa wanafunzi wote, Petro amekwisha kulijibu. Injili zimejaa maneno yake, na ya Andrea ukiyakusanya hayajazi nusu ya ukurasa wa daftari ya mtoto wa shule.

Lakini yatazameni hayo machache. La kwanza alimwambia ndugu yake, ya kuwa wamemwona Masihi, akamleta kwa Yesu. Kwa jinsi Yohana anavyosimulia, Petro yule tunayemsikia siku ya Pentekoste aliletwa na huyu mpole. La pili alilisema siku ile ya makutano wenye njaa. Bwana alimwuliza Filipo mikate itanunuliwa wapi. Filipo akapiga hesabu, akasema hata mikate ya dinari mia mbili isingewatosha. Hesabu ilikuwa sawa, nayo ikayafunga mazungumzo, maana ni nani atakayebishana na hesabu? Ndipo Andrea akasema yuko kijana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Na papo hapo akauliza, hivi ni nini kwa watu wengi namna hii? Hapo tunamtambua mtu mpole. Hulitoa neno lake, kisha yeye mwenyewe hulipunguza thamani kabla mwingine hajalipunguza. Bwana hakungoja Andrea ajifunze kujieleza kwa uhodari. Aliichukua ile mikate kama ilivyoletwa, na wanaume kama elfu tano wakala.

Katika habari hiyo Yohana hataji neno hata moja la Petro. Pengine Petro alikuwa mbali kidogo, akiwapanga watu, na ndiyo sababu Andrea alipata nafasi. Hilo ni wazo letu, halimo katika Maandiko.

Liko katika Maandiko, hata hivyo, jambo lililotokea juu ya mlima, Bwana alipogeuka sura mbele ya wanafunzi watatu. Petro alianza kueleza mpango wake wa kujenga vibanda vitatu. Luka anasema wazi hakujua asemalo. Na Mathayo anasema ya kuwa alipokuwa bado anasema, wingu likawatia uvuli, na sauti ikatoka ikiwaagiza wamsikilize Mwana. Basi Mungu Baba mwenyewe alimkatiza Petro. Sisi wenye maneno mengi tuisome sura hiyo ya 17 polepole.

Sasa mtu atauliza: mbona hao wapole hawasemi tu? Mdomo wanao, na hakuna aliyewafunga. Tulifikiri hivyo nasi, mpaka tulipojifunza jambo dogo kuhusu wakati. Mama mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, mtaalamu wa elimu, alisikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa madarasani, na katika miaka ya 1970 akaandika aliyoyaona. Mwalimu akiuliza swali, kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kumwita mwingine, au kulirudia swali, au kulijibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na watoto waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kusema. Sekunde tatu! Walimu wa shule ya Jumapili na wa darasa la kipaimara, jaribuni. Tena mwaka wa 2009 wataalamu wa lugha walitoa matokeo ya kupima mazungumzo katika lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, wakaona ya kuwa watu wakijibizana, pengo baina ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza kwa kawaida ni kama sehemu ya tano ya sekunde moja. Huo ndio mlango ambao mpole anatakiwa aingie. Kabla hajainua mguu umekwisha kufungwa.

Na katika nchi yetu kuna jambo la kuzidisha hapo. Ushirika wetu uliendeshwa kwa Kiswahili, kwa kuwa tulikuwa wa makabila mbalimbali, na mwalimu alichanganya na Kiingereza chake. Fundi alifikiri kwa lugha ya mama yake, akatafsiri moyoni, ndipo akafungua kinywa. Kule kutua kwake ambako mwalimu alikuona kuwa ni kukwama, kulikuwa ni kutafsiri. Ni wangapi makanisani mwetu, hasa akina mama wazee na watu waliohamia kutoka mbali, ambao tumewahesabu kuwa hawana la kusema, kumbe wako katikati ya daraja wakija?

Tunataka pia kuwatetea wasemaji, maana ni rahisi kuwarushia ile mithali ya debe tupu. Si haki. Mwalimu wetu hakuwa debe tupu hata kidogo. Alisimama mbele ya watoto miaka thelathini na zaidi, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwambia muda umekwisha ila kengele. Mama wa duka alikuwa mjane, watoto wake wote wako mijini, na pale dukani watu huuliza bei wakaenda zao. Jumatano ilikuwa siku yake ya pekee ya kusema na mtu anayemjibu. Nasi wachungaji tunaogopa kimya. Kikiingia katika mkutano twadhani kazi imetushinda, basi twakifukuza haraka kwa maneno, kama mtu afukuzaye kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Wengi wanaosema sana hawana dharau. Wana upweke, au wana mazoea, au wana hofu.

Hata hivyo mzigo ni wetu. Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu waliojaliwa vipawa vya kinywa kuliko makanisa mengine, na katika sura ya 14 ya waraka wa kwanza aliwawekea utaratibu. Mwingine aliyeketi akifunuliwa neno, yule wa kwanza na anyamaze, ili wote wapate kujifunza na kufarijiwa. Angalieni agizo hili limewekwa juu ya nani. Hakumwambia aliyeketi apaze sauti, wala hakumwambia angoje mpaka msemaji achoke. Anayeagizwa ni yule aliyesimama. Yampasa kutazama waliokaa, auone uso unaotaka kusema.

Ndugu zetu wa Uamsho, ambao ushuhuda wao uliingia Kenya kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, walikuwa na dawa yao. Wengi wetu tumeiona. Ushuhuda ukizidi urefu, mzee mmoja huanzisha pambio palepale alipoketi, wote wakaitikia, na msemaji akajikuta anaimba pamoja nao, akaketi. Hatudhani kila aliyekatizwa hivyo alifurahi, lakini ilimpa nafasi mama wa nyuma aliyekuwa amekwisha kuinuka mara mbili. Jambo kubwa katika mikutano ile lilikuwa kwamba mtumishi wa nyumbani aliweza kushuhudia mbele ya mwajiri wake, na msichana mbele ya mwinjilisti. Tusipoangalia, tutabaki na nyimbo zao tu.

Nawe ndugu yetu mpole, dada yetu mpole, tuna neno nawe pia, wala si la kukulaumu. Musa alimwambia Mungu ya kuwa yeye ni mzito wa kinywa, akataka atumwe mwingine. Akapewa Haruni, msemaji hodari. Lakini kumbuka ni Haruni huyo huyo, kwa ulimi wake mwepesi, aliyekubaliana na watu walipotaka ndama. Usidhani anayesema vizuri ndiye anayejua njia. Na yuko Elihu, katika kitabu cha Ayubu, kijana aliyewangoja wazee wamalize kwa sababu ya umri wao. Alingoja mpaka akajisikia kama kiriba cha divai mpya kinachotaka kupasuka, na alipoanza hatimaye alisema sura sita mfululizo! Hapo unaweza kucheka, lakini ndivyo ilivyo. Neno lililofungiwa siku nyingi likitoka hutoka na mengine, na pengine na hasira pia. Afadhali ulitoe mapema likiwa bado dogo.

Utalitoaje? Tumejifunza mambo machache kwa watu waliojaribu. Mwambie mwenyekiti mlangoni kabla hamjaanza, "Leo nina neno." Hatakusahau, na akikusahau, mtazame. Ukikatizwa, sema, "Naomba nimalize." Hayo si matusi, hata mbele ya mzee, ukiyasema kwa heshima yake: "Mzee wangu, samahani, naomba nimalize." Anza na jambo lenyewe, maelezo yafuate. Ni kweli ya kuwa kama fundi angalisema siku ya kwanza, "Binti yangu ana mimba," mwalimu angalinyamaza kama wengine wote. Lakini ni nani awezaye kulitaja jambo kama hilo kwa ghafula namna hiyo? Uchungu mkubwa huja kwa njia ya mzunguko. Kwa hiyo shauri hilo tunalitoa kwa mambo ya halmashauri na ya hesabu za sadaka. Kwa mambo ya moyo hatumdai mtu afupishe.

Na kama hata hayo yanakushinda, mfuate Filipo. Wale Wayunani walipotaka kumwona Yesu walimwendea yeye, naye hakuweza kulipeleka jambo hilo peke yake. Hakwenda kwa Petro. Alikwenda kwa Andrea, na wawili hao wakaenda pamoja kumwambia Bwana. Ukitazama vizuri katika ushirika wako, utamwona mwingine aliyeketi kimya kama wewe. Mwambie yeye kwanza.

Turudi kwa fundi. Tulimtembelea mara tatu kabla hajakubali kuja tena. Jumatano aliyorudi, sisi mchungaji tulisimama tukaungama mbele ya wote, tukataja lile jambo la kutazama saa. Tukawaomba wote kwamba swali likiulizwa tusijibu mara moja, na aliyesema angoje mpaka wawili wengine wamesema. Tukamwambia fundi asitafsiri, aseme kwa lugha yake, na jirani yake atatueleza.

Basi tukauliza kama kuna mwenye haja ya maombi, tukanyamaza. Kilikuwa kimya kigumu. Tulisikia kuku nje wakipanda kulala, tukasikia sufuria ya chai ikichemka jikoni. Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga, akashika magoti yake kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya gari bovu. Kisha fundi akaanza. Alisema polepole, akatua, akaendelea. Binti yake alikuwa amepeleka habari. Alikuwa amepokewa na mama mmoja wa kanisa kule Nakuru, karibu kujifungua, naye aliuliza kama anaweza kurudi nyumbani. Fundi alitaka arudi. Lakini ndugu zake walikuwa bado wamekataa, na alipokwenda mbele yao maneno yalimkauka kinywani. Aliomba watu wawili wa kufuatana naye.

Mama wa duka alikuwa analia. Mwalimu aliinua mkono, akangoja aruhusiwe, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Akasema maneno manne tu: "Mimi nitakwenda naye kesho."

Akaenda. Waliketi na wale ndugu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa, na fundi alituambia baadaye ya kuwa mwalimu alisema muda mrefu sana, akaleta Maandiko, akaleta mithali, akamkumbusha kaka mkubwa ya kuwa aliwahi kumfundisha darasa la nne. Kila walipojibu, alikuwa na jingine. Siku ile maneno yake mengi hayakumchosha mtu wa upande wetu. Katika wiki ya pili baada ya Pasaka msichana alirudi nyumbani na mtoto mchanga wa kiume. Hajarudi shuleni mwaka ule, na mambo mengine baina ya ndugu hao hayajatengenea hata sasa. Lakini mtoto alibatizwa kanisani mwetu, akiwa amevaa kanzu nyeupe iliyoshonwa na babu yake.

Kabla ya kumaliza, tumewaomba wakuu wa kipindi hiki ruhusa ya jambo moja lisilo la kawaida. Redio huogopa kimya kuliko hata wachungaji. Fundi mitambo akikisikia hudhani waya umekatika. Lakini leo tutanyamaza kwa sekunde kumi. Kama umeketi na watu wako mkinywa chai, mtazame yule ambaye hajasema neno tangu asubuhi. Usimwulize mbona amenyamaza. Mngoje tu.

(Hapo palikuwa na kimya.)

Ee Bwana Yesu, ulisimama njiani, Yairo akingoja na umati ukisukumana, mpaka yule mwanamke aliyekugusa alipokuambia kweli yote. Utusaidie kusimama leo. Amina.